Jibu: Songwe ukihama, mpaka unahama nao?

Salaam mkuu. Umeuliza shamba la mpunga la mtu wa Kyela likijikuta ng'ambo, upande wa Malawi, baada ya Mto Songwe kuhama, linakuwa la nchi gani. Sisi wa bondeni tunaliishi hili, maana huku chini karibu na ziwa mto haukai njia moja.

Anza na mkataba, usianze na ramani ya simu. Ule wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliupitisha mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Songwe, kisha ukapanda na mto.

Halafu uliza mto ulihamaje. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukila kingo kidogo kidogo, mpaka huufuata. Ukikata njia mpya ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Ugomvi unazaliwa hapo hapo: huyu anasema ulihama usiku mmoja, jirani anasema ni miaka. Tafuteni picha za setilaiti za Landsat, zipo tangu 1972 na ni bure. Zinasaidia kuliko kelele za mkutanoni.

Usichanganye na mgogoro wa ziwa, ambako Tanzania inadai mstari wa katikati na Malawi inashikilia ufukwe. Kwenye Songwe nchi hizi zina kamisheni ya pamoja ya bonde, na kudhibiti mkondo ni sehemu ya mpango wao. Pelekeni malalamiko huko kupitia halmashauri, kabla mtu hajashika panga.

Taja kijiji na mwaka wa mafuriko, tuangalie picha pamoja.