Betri za mnarani kwa ajili ya sola: usilipe kabla muuzaji hajaandika kwamba atazichukua zikifa

Mkuu, usilipe hizo fedha. Umeandika kwamba uko Kasulu, unataka kufungua kibanda umiza chenye friji ya soda na meza ya kuchajia simu, na kwamba fundi amekupatia betri nne za volti 12 zilizotolewa kwenye mnara wa simu, kwa bei isiyofika nusu ya betri mpya. Umeuliza ukubwa wa inveta, unene wa waya na namna ya kuziinamisha paneli, na mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo la kumalizia barua, umeuliza kama ni kweli kwamba tindikali ya zile betri zako mbili za zamani inaweza kumwagwa kwenye shimo la taka, ikatiwa majivu, kisha risasi, ile metali nzito iliyomo ndani yake, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hilo la mwisho ndilo lililopaswa kuwa swali lako la kwanza. Maneno uliyoambiwa na fundi wako niliambiwa mimi pia, hadi hayo majivu.

Nilinunua nne za namna hiyo hiyo kwa ajili ya saluni na duka la kuchapisha nyaraka. Zilikuwa ndefu na nyembamba, vichwa vya kufungia waya vikiwa upande wa mbele, kwa sababu hupangwa ndani ya kabati ambamo mkono wa fundi haufiki nyuma. Vichwa vilikuwa vimepakwa grisi mpya, na pale penye tarehe ya kutengenezwa palikuwa pamekwanguliwa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba zilichubuka njiani. Betri zote nne zilichubuka njiani, mahali pale pale, nami nikakubali! Fundi akatoa mita, ikaonyesha volti 12.8, nami nikahesabu fedha kwa furaha ya mtu anayedhani amemzidi mwenzake akili.

Kupima betri bila mzigo ni sawa na kumpima punda nguvu akiwa amelala kivulini. Namba ile haikuambii betri imebakiza uwezo kiasi gani. Ungeifunga betri moja kwenye taa mbili za gari za wati 55 kila moja, ukakaa kitako ukisubiri, ungeona ukweli wake. Betri nzima ya Ah 150 (Ah ni kipimo cha akiba ya umeme wa betri) hubeba mzigo huo kwa saa nyingi, ilhali zangu zilishuka chini ya volti 11 kabla ya kipindi cha kwanza cha mpira kwisha, na inveta ikaanza kulia mbele ya wateja. Sababu yake si uchawi. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila kujaa, sulfeti, ile chumvi ya risasi inayojengeka juu ya sahani zake za ndani, huwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena, na joto la kabati la chuma lililoachwa juani humaliza kazi iliyobaki. Desturi ya kazi ya minara ni kuiondoa betri inaposhuka chini ya takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na kwingine huachwa humo mpaka ishindwe kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba zimetolewa kwa sababu ya ratiba tu, muulize anayekuambia kwa nini tarehe yake imekwanguliwa kwa msumari.

Hata hivyo, fedha nilizompa fundi si hasara ninayoilalamikia. Hasara kubwa ilianza nilipotaka kuziondoa.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, akazitazama, akasema hanunui maji kwa bei ya risasi, alizitaka kavu. Fundi wangu, ambaye wakati huo nilikuwa bado namwita mtaalamu, akasema jambo hilo ni jepesi. Mkuu, betri za mnarani ni za kufungwa, na nyingi zake tindikali imenyonywa na nyuzi za kioo zilizobanwa kati ya sahani, kwa hiyo hata ukiipindua haimwagiki. Kwa hiyo vijana wa fundi walipasua mifuniko kwa shoka nyuma ya duka, wakachomoa sahani, wakazisuuza kwenye beseni, na maji ya kijivu wakayamwaga chini ya mpapai. Fundi akanyunyiza majivu ya jikoni, povu likapanda, likatulia, naye akatangaza kwa sauti ya mganga aliyelipwa kwamba sumu imekwisha.

Iliyokwisha ni tindikali. Majivu huipoza tindikali, hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana uongo ule ulikuwa rahisi kuaminika. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hiyo ni risasi, na risasi haiozi, haiyeyuki ikapotea, wala haijali majivu. Hubaki kwenye udongo wa juu, hushika kwenye ndala, kwenye khanga iliyoanikwa na kwenye viganja vya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwa watoto huharibu ubongo bila dalili ambayo mzazi angeiona mapema. Mimi sikujua. Fundi alijua au hakujua, sitaki hata kuuliza, kwa sababu mtu anayepokea fedha kwa kutoa ushauri hana haki ya kujificha nyuma ya ujinga. Nilikuja kuelewa baada ya ofisa wa afya wa kata kupita, kuona uwanja na kuniuliza watoto wa nani wanachezea pale.

Tulikwangua udongo, tukaujaza kwenye mapipa ya plastiki yenye mifuniko, kisha uwanja wote tukaumwagia zege. Zege lile lilinigharimu kuliko betri zenyewe, na mapipa bado ninayo kwa sababu hakuna dampo la kawaida linalostahili kuyapokea. Sokoni wananiita Mnara hadi leo, wakidhani wananiudhi. Kwa gharama niliyolipia jina hilo, ningependa liandikwe kwenye leseni ya biashara.

Usifikiri natia chumvi. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili kupata risasi ya kuuza, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, ndiye aliyeongoza madai, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mahakama ikaamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, iliyorejesha uamuzi huo mwaka 2024. Hesabu mwenyewe miaka. Nawe unataka kulianzisha jambo hilo kwenye shimo lako la taka ili upate fedha za kununulia waya.

Sasa kanuni yangu, na ndiyo pekee niliyo nayo: muuzaji asiyekubali kuandika kwamba ataichukua betri ikifa, usinunue kwake, hata akikuuzia kwa bei ya muhogo. Haitoshi aseme, aandike kwenye risiti, pamoja na namba iliyochapwa kwenye betri na jina la mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi ambaye ataipeleka kwake. Kibali hicho hupitia NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, na anayekifanyia kazi kweli hatakasirika ukitaka kukiona. Fundi aliyeniuzia alichukua betri ambazo mtu fulani alipaswa kugharamia kuziondoa kwa usalama, akanipata mimi nizigharamie. Nililipa ili nimwondolee mwenzangu taka, nikaiita nishati safi. Maandishi yale mafupi kwenye risiti yangemfukuza dukani kwangu siku ile ile.

Wapo watakaokuambia uache risasi ununue lithiamu. Za aina ya fosfati ya chuma kweli hazina risasi na zinadumu zaidi, lakini kanuni yangu inazibana hizo kuliko zote. Betri ya risasi ikifa, angalau mwenye mizani huja mlangoni kwa sababu ndani yake mna kitu cha kuuza. Hizi nyingine hazina kobalti, madini yenye bei, chuma na fosfati havimvutii mtu, na ukiitoboa kwa shoka inaweza kuwaka. Hakuna atakayekuja kuichukua isipokuwa yule uliyemfunga kwa maandishi. Paneli nazo zina siku yake, ingawa fremu ya alumini na kioo havitakusumbua leo.

Zile mbili zako za zamani zisimamishe wima juu ya mbao, ndani ya beseni la plastiki, chini ya paa, mbali na jiko na mbali na watoto, mifuniko ikiwa imefungwa na vichwa vimefunikwa kwa mpira ili visigusane na chuma. Usizipasue, usizimwage, usimruhusu mtu azipeleke kuchomwa. Ukizishika, vaa glavu na unawe kabla ya kula. Zinaweza kukaa hivyo kwa muda ukitafuta mwenye kibali, na ukiwa na majirani wenye sola, kusanyeni zenu pamoja, kwa sababu gari halitatoka Kigoma mjini kufuata mbili.

Leo jioni mpigie fundi wako, mwombe aandike hayo niliyoyataja kuhusu zile nne, kisha urudi hapa utuambie alichojibu. Mengine tutayazungumza ukisharudi.