Jibu: programu, hesabu na utamaduni kwa pamoja

Ndugu, umeuliza utashikaje programu, hesabu na utamaduni bila kutawanyika, nawe uko hapa Lubumbashi. Usigawe wiki. Chukua kazi moja inayogusa vyote vitatu: sona, michoro ya mchangani ya Wachokwe, ambao wako Angola, Zambia na huku kwetu kusini mwa Kongo.

Mchoraji huweka nukta kwa safu, kisha kidole huzizunguka bila kuinuliwa huku hadithi ikisimuliwa. Katika mchoro wa aina ya mkeka, idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu (za mlalo) na nguzo (safu za wima): nukta 3 kwa 4, mstari 1, 4 kwa 6, mistari 2.

Andika kwa Python, lugha ya programu, na turtle, moduli yake ya kuchorea, haihitaji intaneti. Kwa safu m na nguzo n, chora mstatili wa 2n kwa 2m, nukta zikae penye namba witiri tupu: (1,1), (3,1) na kuendelea. Anza (1,0), nenda mshazari hatua moja moja, ukigonga ukuta wa kushoto au kulia geuza mwelekeo wa x tu, wa juu au chini geuza wa y tu. Kwa 3 kwa 4 utarudi baada ya hatua 48. Ukianzia (0,0) utapita juu ya nukta, mchoro utaharibika. Ukianzia ndani ya mstatili badala ya ukutani, mstari huweza kupita hapo mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kusimama linganisha mwelekeo pia, si mahali tu.

Ikishafanya kazi, mpelekee mzee Mchokwe akueleze hadithi zake. Hizo kompyuta haikupi.