Simu, mlio wa moto na ari ya wanafunzi wa kuchomelea vyuma

Mwalimu mwenzangu wa chuo cha ufundi huko Bungoma ameuliza kama programu za simu zinaweza kuwarudishia ari wanafunzi wa kuchomelea, ambao huanza kwa hamu na kulegea kabla muhula haujaisha. Mimi hufundisha kazi hiyo mjini Kisumu, na kwa maoni yangu zinasaidia sana, ila si zile za kugawa alama na kutangaza nani wa kwanza na nani wa mwisho. Anayeanza hukata tamaa kwa sababu haoni kama anasonga mbele: rodi, yaani kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha vyuma, inanata, mshono unatoka na mabonde na vinundu, na wiki inayofuata mambo yanaonekana yale yale. Simu inayomwonyesha hatua aliyopiga ndiyo itakayomrudisha karakanani.

Programu ninayoithamini kuliko zote ni ya kurekodi sauti, ambayo karibu kila simu huja nayo na haili bando. Mwanafunzi huiweka simu mbali na cheche, akaanza kurekodi, kisha akachomelea mshono mmoja kwa rodi ya aina ya E6013 yenye unene wa milimita 2.5. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma ikikaribiana na unene wa rodi yenyewe, moto wa umeme unaoruka hapo hulia kwa mfululizo kama mandazi katika mafuta yaliyoshika joto. Rodi ikiinuliwa mno, mlio hukatikakatika na matone hutapakaa pembeni. Ikinata, husikika mngurumo wa mashine peke yake. Baadaye kila mmoja husikiliza sauti ya mwenzake na kukisia mshono ulivyotoka, ndipo slagi, gamba linalofunika mshono, inapobanduliwa kwa nyundo na wote wakaona. Nimewaona vijana wasiopenda kabisa kushika daftari wakibishana kwa kina kuhusu urefu wa moto, na hiyo ndiyo nadharia yenyewe.

Kuhusu kiasi cha umeme, kampuni ya Miller ya Marekani ina programu inayokadiria namna ya kuseti mashine kulingana na chuma na unene wake. Mimi huwataka wanafunzi wataje makadirio yao kwanza, tuseme ampea 70 hadi 90 kwa rodi hiyo, kabla ya kuifungua. Mashine nyingi za jua kali, hasa zinazosukwa nyaya hapa hapa nchini, hazina namba za kutegemewa, kwa hiyo jibu la simu ni la kuanzia tu.

Picha za mishono zenye tarehe nazo zinafaa, hasa kwa anayejiandaa kwa mtihani wa daraja la tatu wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa kuwa hupima kazi yake ya leo kwa kazi yake ya awali, si kwa ya jirani. Video inahitaji uangalifu zaidi. Lazima kioo cheusi cha namba 10 au 11 kitangulizwe mbele ya kamera, la sivyo itaonyesha mwanga mtupu na huenda ikaharibika. Na anayeshika simu lazima naye avae kinyago, kwa sababu kuutazama moto kwa kuibia pembeni kunatosha kumkosesha usingizi kwa maumivu ya macho. Wasio na simu nawaweka kundi moja na walio nazo, kila mmoja akiwa na faili yenye jina lake.