Muulize Bwana Shamba: Paina za kula na karanga, zinaendana?

SWALI: Bwana shamba shikamoo. Mi nipo Sikonge, Tabora, nimeachana na tumbaku nina heka mbili zimekaa tu. Mdogo wangu anaishi Italia kaniletea kipakiti cha punje za paina, anasema kule zinaliwa na bei yake si mchezo. Nataka nikaokote mbegu kwenye paina za shuleni hapa nipande, katikati niweke karanga, je itajibu? Na hizi punje zinapikwaje, tumezitafuna hivihivi nusu zimeisha.

JIBU: Marahaba. Hizo za shuleni achana nazo, ni paina za mbao kama za Sao Hill kule Mafinga, kimbegu chake kidogo kina bawa kinapeperuka hata hukioni. Inayoliwa ni Pinus pinea, ya nchi za Mediterania, punje yake ina ganda gumu mpaka ugonge na jiwe. Za kwenye pakiti nazo zimeshamenywa usihangaike kuziotesha, agiza zenye ganda, na upitie TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, upate kibali sio mtu anaficha kwenye begi.

Sasa kuhusu kujibu, niseme ukweli, kule kwao mvua inanyesha kipindi cha baridi na kiangazi ndo joto, sisi Tabora mvua inakuja na joto kuanzia Novemba halafu tangu Mei ni vumbi tu, kwa hiyo panda kama kumi za majaribio, heka mbili zote usithubutu. Tunda likishatunga linakaa miaka 3 ndo likomae, na mti wenyewe unaweza kupita miaka 15 hujavuna cha maana!

Loweka mbegu siku nzima, sia kwenye viriba, na kwenye udongo changanya ule wa chini ya paina kubwa (hapo ndo za shuleni zina kazi) maana kuna kuvu wanaishi kwenye mizizi, bila wao mche unakuwa wa njano umedumaa. Shambani acha mita 6 kwa 6. Karanga safi kabisa, na mbaazi pia, ila mbaazi isiufunike mche, paina inataka jua. Kivuli kikikua karanga zitagoma, hamia kwingine. Majani makavu usiyarundike shinani utaita mchwa, na kiangazi fyeka njia ya moto pande zote, paina ina utomvu inawaka kama taa, we si unajua moto wa warina asali huko kwenu.

Punje zilizobaki kaanga bila mafuta, moto mdogo, usiondoke jikoni zinaungua fasta, mwagia juu ya wali. Waitaliano wanazitwanga na mrehani, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na jibini. Zikishamenywa zinachacha upesi kwa hiyo hicho kipakiti kimalizeni tu.