Bima ya kijana wa miaka 17: mbona ghali hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini ada imeruka hivyo baada ya kumwongeza binti yako kwenye bima ya gari, na yeye hajagonga hata kuku. Kampuni haimwangalii yeye, inaangalia kundi lake. Nchini Marekani, kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali za vifo karibu mara tatu ya wale wa miaka 20 na kuendelea. Usiku, na gari likijaa marafiki, hatari huzidi. Kwa vile hana historia ya udereva, wanampimia kwa kipimo cha wenzake.

Kumweka kwenye bima yako kwa kawaida ni nafuu kuliko kumkatia ya peke yake. Aina ya gari nayo huchangia: la kawaida lenye injini ndogo hushusha ada. Uliza pia kuhusu kifaa cha kurekodi mwendo na breki. Vijana hawakipendi, lakini akiendesha kwa utulivu bei inaweza kushuka. Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara mwenyewe, ada hupungua, ila hakikisha pesa hiyo unayo siku ya ajali.

Jambo moja usithubutu: kujiandikisha wewe kuwa dereva mkuu wakati gari analiendesha yeye kila siku. Huo ni udanganyifu, na wakigundua wanaweza kukataa kukulipa fidia.