Alhamisi ulinunua nini?

Nyinyi mnaoanza kushika Shabati, siku yetu Wayahudi ya kupumzika kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, hasa mlioingia Uyahudi mkiwa watu wazima kama mimi, wacha niwaambie kitu kilichonichukua karibu miaka miwili kukijua. Mimi nilianza na ile orodha ya kazi 39 zilizokatazwa, nikaikariri yote, usiwashe usizime usiandike usipike, Jumamosi nzima nalinda swichi, watoto wananiogopa, na mimi mwenyewe nangoja tu nyota tatu zitoke, Shabati iishe, niwe huru. Sheria nilishika, furaha sikuiona kabisa.

Halafu kuna mama mmoja mzee tunayesali naye akaniuliza, "Mwanangu, Alhamisi ulinunua nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimenunua chochote cha Shabati.

Talmudi, kitabu cha mafundisho ya walimu wetu wa kale, inasema aliyehangaika siku ya kuamkia Shabati ndiye atakayekula Shabati, na walimu wenyewe waliyatenda hayo. Rava, mwalimu mkubwa vile, alikuwa anatia samaki chumvi kwa mkono wake, Rav Papa anasokota tambi za taa, na hao ni watu ambao wangeweza kumtuma mtu. Na Shamai, mwalimu mwingine wa kale, akiona mnyama mzuri sokoni anasema huyu ni wa Shabati, akipata mzuri zaidi anamweka huyo na kumla yule wa kwanza. Kwangu ni maembe: likipatikana zuri Jumanne linawekwa, Alhamisi nikipata linalolishinda basi la Jumanne watoto wanalila palepale, na jamani wiki nzima wanaijua Shabati kwa harufu yake.

Kwa hiyo anza na kupika. Unga wa hala, mkate wetu wa Shabati, mpe msichana anayejua kusuka nywele, atausuka kukushinda, na iwe mikate miwili kwa sababu jangwani mana ya siku ya sita ilishuka maradufu. Kama unatumia jiko la makaa, maharage yaive kabisa kabla jua halijazama, kisha funika makaa kwa majivu, uweke sufuria juu na usiguse tena moto, njia hiyo iko kwenye Mishna kabisa, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua. Kesho mchana unakula chakula cha moto bila kuwasha kitu.

Na sisi wa Nairobi tushukuru kwa jua letu, London wakati wa baridi linazama kabla ya saa kumi jioni na kiangazi linapita saa tatu usiku, kwetu mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika kumi hivi. Toa dakika 18 kabla jua halijazama, ndio muda wa kuwasha mishumaa ya Shabati, mwili unauzoea haraka sana.

Jumamosi usiku usikimbilie simu. Fanya havdala, ibada ya kuiaga Shabati, taratibu, divai, mshumaa wa kusuka, na karafuu zipite mkono kwa mkono kila mtu anuse. Kwetu siku hizi kitinda mimba akimaliza kunusa anauliza embe la wiki ijayo liko wapi.