Kabla hujamwambia fundi "sawa, fomati"

Katika steshenari na vibanda vya mafundi simu hapa Mtwara mjini, kitenzi "kufomati" kimezoeleka kiasi cha kutajwa kama dawa ya kila ugonjwa: flashi haisomi, ifomati, simu nzito, ifomati. Nafanya kazi steshenari, na hasara ya mazoea hayo naiona zaidi msimu wa korosho, makarani wa vyama vya msingi wanapoleta flashi zenye orodha za wakulima na kilo zao.

Kufomati ni kukiwekea chombo cha kuhifadhia mafaili mpangilio mpya, ule wa zamani ukaondolewa. Kwenye flashi, njia ya haraka, ambayo Windows huwa imekwisha kuichagua, hufuta tu orodha inayoonyesha kila faili lilipo; ni sawa na kuchana daftari la ghala huku magunia yamo ndani. Kwa hiyo aliyefomati kwa bahati mbaya, akiacha papo hapo kuitumia flashi hiyo na asikopi chochote juu yake, anaweza kurudishiwa mengi na programu ya bure kama PhotoRec, ingawa majina ya mafaili hayatarudi. Njia ndefu, tangu Windows Vista, huandika sifuri kila mahali, na hapo hakuna cha kutafuta.

Kompyuta ikikwambia flashi inahitaji kufomatiwa, kataa, ichomoe, kisha ijaribu kwenye tundu jingine na kwenye mashine nyingine kabla ya uamuzi wowote.

Simu ndizo zinazoniumiza zaidi. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni huyafunga mafaili kwa msimbo, na simu ikifomatiwa ufunguo wake hufutwa, hivyo picha za mzazi aliyekwisha kufariki haziwezi kurudishwa na fundi yeyote, hata akidai malipo makubwa kiasi gani. Tena, ikifomatiwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, itakapowaka itadai akaunti ya Google iliyokuwamo, na asiyekumbuka nywila atabaki na simu asiyoweza kuifungua.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi fundi simu, hakikisha unaijua barua pepe na nywila ya akaunti ya Google iliyomo, angalia kama majina na namba za watu yamehifadhiwa kwenye akaunti hiyo au kwenye simu yenyewe, na uhamishie picha kwenye kompyuta au memori kadi, kisha uitoe kadi hiyo na kubaki nayo mwenyewe.